Damu Pungufu, Chuma Tele

Mtu akipauka viganja, akatweta kwa kupanda ngazi chache na moyo ukamwenda mbio, jamaa nyumbani hawakawii kutoa hukumu: damu imepungua, apikiwe matembele na maini, anunuliwe vidonge vya kuongeza damu. Mara nyingi hukumu hiyo huwa ya haki. Lakini upo upungufu wa damu ambao chuma mwilini si haba hata kidogo, bali kimejaa, na kumpa mgonjwa vidonge vya chuma ni kumzidishia mzigo. Madaktari huuita anemia ya sideroblasti.

Damu hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa. Humo chembe changa hupokea chuma na kukitumia kuunda himoglobini, ile rangi nyekundu ichukuayo oksijeni. Katika maradhi haya chuma hufika, ila kazi ya kuunda imekwama. Basi hurundikana, na hatimaye huweza kudhuru ini na moyo.

Kwa macho matupu hayatambulikani. Tone la damu chini ya hadubini mara nyingi huonyesha chembe mchanganyiko, nyingine ndogo zilizopauka, nyingine za kawaida. Kipimo cha feritini, yaani akiba ya chuma, ambacho kwa aliyepungukiwa chuma huwa chini, hapa aghalabu huwa juu. Ndipo daktari hudunga sindano katika mfupa wa nyonga na kuvuta uboho kidogo (si jambo la kufurahisha, ingawa ganzi hutangulia). Uboho hutiwa dawa ya Max Perls, mtaalamu wa Ujerumani aliyeitangaza mwaka 1867, ambayo hukigeuza chuma kuwa buluu. Hapo shahidi hujitokeza: punje za buluu, 5 au zaidi, zimekizunguka kiini cha chembe changa mithili ya pete, walau theluthi ya mzingo wake.

Pete hiyo haitaji chanzo. Wako waliozaliwa na kasoro hiyo, wako walioletewa na ulevi. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, nayo huweza kuzuia kazi ya vitamini B6 ambayo uboho huihitaji. Anayeitumia asiiache kwa shauri lake mwenyewe, bali amweleze daktari, ambaye huweza kumwongezea vitamini hiyo. Hata baadhi ya waliozaliwa na kasoro hupata nafuu kwayo. Wasiopata huongezewa damu, nayo huja na chuma chake, hivyo feritini yao hupimwa tena na tena.