MENEJA WA KIKAPU KATIKA INTANETI: DAKIKA NDIZO MALI YAKE YA KWANZA

Tumeulizwa mara nyingi na askari walioko Gitega, na siku hizi na polisi wa Muyinga pia, juu ya mchezo ule wa mpira wa kikapu unaochezwa katika intaneti, ambao mtu hashiki mpira wala havai raba, bali huwa meneja wa timu. Maswali yenyewe yafanana. Mtu aanzeje? Amnunue nani? Na kwa nini timu yake yashindwa kila juma ilhali amekwisha kutumia fedha zote alizokabidhiwa? Tumeona ni vema tuwajibu wote kwa pamoja, maana katika swali hilo la tatu ndimo lilimo jibu la yale mawili ya kwanza.

Michezo ya namna hii iko mingi duniani. Hapa tutausema mmoja, uitwao BuzzerBeater, ambao umekuwapo tangu mwaka 2007. Ni mchezo wa maandishi na hesabu kuliko wa picha, na kwa sababu hiyo hauli sana kifurushi cha simu. Askari mwenye simu yoyote ipatayo intaneti aweza kuiendesha timu yake kwa dakika chache kwa siku. Kujiandikisha ni bure. Upo uanachama wa kulipia, lakini anayeanza hana haja nao hata kidogo, na fedha hiyo afadhali aipeleke nyumbani.

Anayejiandikisha huchagua nchi mojawapo miongoni mwa zile zenye ligi katika mchezo, kwani si kila nchi ya dunia imo, kisha hupewa timu ya daraja la chini: wachezaji, uwanja mdogo na akiba ya fedha. Fedha hizo ni za mchezo tu; haziingii mfukoni wala hazitoki mfukoni, na hapo ndipo mchezo huu unapoachana kabisa na kamari za mechi zinazomaliza mishahara ya watu. Ligi moja ina timu 16, nazo zimegawanywa makundi mawili ya timu nane nane. Msimu mmoja huchukua majuma 14. Katika muda huo kila timu hucheza mechi 22 za ligi, mbili kwa juma, na katikati ya juma hupatikana mechi nyingine ya kombe au ya kirafiki. Meneja huandika orodha ya wachezaji na mbinu kabla ya mechi. Mechi ikisha kuanza, amri imekwisha kutoka, hairudi. Kompyuta ndiyo huchezesha, ikilipima kila shambulio kwa ujuzi wa wachezaji na kwa bahati kidogo, na meneja mwenyewe aweza kuwa lindoni, safarini au kitandani.

Wako watakaosema kwamba huu ni mchezo wa watoto. Wanajeshi hatuna sababu ya kusema hivyo. Mwaka 1824 luteni mmoja wa Prussia, von Reisswitz, aliwaonyesha wakubwa wake mchezo wa vita unaochezwa juu ya ramani, kwa vibao vidogo badala ya vikosi na kwa dadu badala ya bahati ya vitani. Kila upande uliandika amri zake na kumkabidhi mwamuzi, na kamanda aliyaona yale tu ambayo angaliweza kuyaona kama angalikuwa uwanjani. Jeshi la Prussia liliuchukua mchezo huo kwa mafunzo ya maofisa, na majeshi mengine yakafuata. Nasi tuliopitia chuo cha makadeti tunalikumbuka sanduku la mchanga, na jinsi ilivyo vigumu kukaa kimya wakati amri uliyoiandika asubuhi inapotekelezwa mchana mbele ya macho yako, nawe huruhusiwi kuigusa. Umeneja wa kikapu una tabia iyo hiyo.

Sasa tutoe mifano miwili tunayoijua. Majina ya wenyewe tunayaweka kando.

Koplo mmoja wa Gitega alipewa timu yake, na usiku ule ule akaingia sokoni. Katika mchezo huu wachezaji huuzwa kwa mnada, na dau linapoongezwa katika dakika za mwisho muda nao husogezwa mbele kidogo, hata mnada uliokuwa ukiisha sasa hivi huendelea na kuendelea huku damu ikimchemka mnunuzi. Koplo alitoka na wachezaji watatu hodari, mmoja wa miaka 31, mmoja wa 32 na mmoja wa 34. Mechi nne za mwanzo alishinda zote. Jirani zake wa bwenini walimwita kocha.

Alilolisahau koplo ni kwamba mchezaji hununuliwa mara moja lakini hulipwa kila juma. Mshahara hutokana na ujuzi alio nao mchezaji, na watazamaji wa daraja la chini hawaleti mapato ya kuwalipa mabingwa. Tena mchezaji aliyepita miaka 30 yumo njiani kushuka: ujuzi wapungua, na bei yake sokoni yapungua pamoja nao. Kufikia juma la sita timu ya koplo ilikuwa katika deni. Aliwauza wale watatu kwa chini ya nusu ya bei aliyowanunulia, na aliwauza kwa haraka, kwani timu inayozama sana katika deni na isijinasue, meneja wake aweza kuipoteza.

Dada mmoja wa polisi ya Muyinga alianza msimu huo huo. Huyu alishindwa mechi saba kati ya nane za kwanza, na kila Jumapili koplo alimpigia simu kumpa pole ambayo haikuwa pole. Lakini dada huyu alikuwa amefanya mambo matatu. Aliwauza wachezaji wakubwa waliokula mshahara bila kucheza. Aliajiri mkufunzi wa kiwango cha kati. Na kwa bei ndogo aliwanunua vijana watatu warefu, wawili wa miaka 18 na mmoja wa 19. Baada ya hapo hakununua tena. Alikaa na karatasi na kalamu akagawa dakika.

Hapa yafaa tutulie, maana ndipo wengi wanapopotelea. Mchezaji ana ujuzi wa namna 12: kutupa kutoka mbali, kufunga karibu na kikapu, kupasi, kukokota, kulinda nje, kulinda ndani, kudaka mipira inayorudi, na mengineyo hata kufikia pumzi na mitupo ya adhabu. Kwa juma moja timu nzima hufanya zoezi la aina moja tu, na zoezi hilo huwafaa wale waliocheza katika nafasi inayohusika. Kijana aliyekaa benchi hafundishiki, hata mkufunzi awe bingwa. Kupata faida yote ya zoezi, kijana hana budi kucheza dakika 48 za nafasi ile katika juma.

Mechi za kikapu walizozizoea wenzetu wengi, kama zile za BAL ambazo Dynamo ya Bujumbura iliingia huko Pretoria mwaka 2024, huchezwa dakika 40 kwa kanuni za shirikisho la dunia. BuzzerBeater hufuata dakika 48 kama ligi kubwa ya Marekani. Juma lina mechi tatu. Kwa hiyo kila nafasi uwanjani ina dakika 144 kwa juma, nazo ukizigawanya kwa 48 wapata watu watatu. Zoezi la nafasi moja, basi, lafundisha vijana watatu kikamilifu na si zaidi. Zoezi la nafasi mbili lafundisha sita, lakini kila mmoja wao hupanda polepole zaidi. Kuchagua kati ya hayo mawili ndiko kuamua timu yako itakuwa ya namna gani mwakani.

Mkuu wa posti yeyote anaijua hesabu hii tangu zamani. Ana askari wachache, saa za lindo hazibadiliki, na hapana zamu inayoweza kusimamiwa na mtu aliyechoka. Katika mchezo huu pia mchezaji aliyekaa bila kucheza juma zima hupoteza siha, na yule aliyechezeshwa mechi zote tatu bila kupumzika naye hupoteza siha. Kwa hiyo anayetaka kushinda kila mechi kwa wachezaji wale wale watano hujikuta, baada ya majuma machache, na watu watano waliochakaa na wengine waliopata kutu. Dada wa Muyinga alimweka kijana wake wa kwanza kwenye mechi ya kwanza ya ligi, wa pili kwenye ile ya katikati ya juma, wa tatu kwenye mechi ya mwisho. Ipo amri ya kumtaka kocha wa kompyuta aifuate orodha kama ilivyoandikwa, naye aliitumia, isije ikawa katikati ya mchezo anatolewa kijana na kuingizwa mwingine.

Siku moja walikubaliana mechi ya kirafiki, Gitega na Muyinga. Koplo alipanga jeshi lake lote na kuamuru lipigane kufa na kupona. Dada alipanga vijana. Koplo alishinda kwa tofauti ya pointi 31 na habari zikazagaa kambini. Juma lile vijana wa Muyinga walipata dakika zao zote. Watu wa koplo waliongeza uchovu tu, kwa ushindi usiohesabiwa popote.

Juu ya urefu wa mchezaji twaongeza jambo moja. Mrefu hujifunza upesi kazi za chini ya kikapu, na mfupi hujifunza upesi kazi za nje kama kukokota na kupasi. Kwa hiyo meneja achague kwanza aina ya zoezi, kisha ndipo atafute vijana wa kimo kinacholingana nalo. Wengi hufanya kinyume.

Mbinu za uwanjani hatutazieleza kwa urefu. Aliye na watu wa ndani ashambulie ndani, aliye na watupaji wa mbali atumie upigaji wa nje, na katika kulinda achague baina ya mtu kwa mtu na ulinzi wa eneo kwa kuangalia adui ana silaha gani. Kubwa zaidi ni ari. Mchezo huuliza kila mara: timu icheze kwa kujilegeza, kwa kawaida, au kwa nguvu zote? Nguvu zote humeza ari ya mechi zijazo; kujilegeza huilimbikiza. Meneja anayeamuru nguvu zote kila Jumamosi hufika mwisho wa msimu, wakati wa mechi za mtoano, akiwa na timu isiyo na moyo.

Watumishi wa timu ni watatu: mkufunzi, daktari na afisa uhusiano. Wasomaji watadhani kwamba sisi, kwa kazi tuifanyayo, tungemtanguliza huyu wa tatu. La hasha. Mkufunzi kwanza. Afisa uhusiano na apewe nafasi ya chini kwa kuanzia, tumezoea. Uwanja nao uongezwe viti pale tu vilivyopo vinapojaa.

Yamebaki mambo yanayotuhusu sisi wenye sare. Mchezo huu una mahali pa kuandikiana na mameneja wa nchi nyingine, na mtu mchangamfu huulizwa yuko wapi na anafanya kazi gani. Timu isipewe jina la kikosi, kambi wala posti. Asiandike mtu kwamba hatakuwapo kwa majuma matatu kwa sababu anahamishiwa mahali fulani. Hili si kuogopa kivuli. Mwezi Januari mwaka 2018 iligunduliwa kwamba ramani ya programu ya Strava, ambayo wakimbiaji huitumia kupima mwendo wao, ilikuwa imeanika hadharani njia walizokimbilia askari kandokando ya vituo vya kijeshi katika nchi kama Syria na Afghanistan. Hapana aliyetoa siri kwa kusudi. Walikuwa wakifanya mazoezi ya asubuhi.

La pili ni simu ya kuazimana. Kanuni za mchezo zakataza mtu mmoja kuwa na timu mbili, na waamuzi wake huchunguza mauzo ya bei zisizo za kawaida baina ya marafiki. Askari wawili wanaotumia simu moja na kuuziana wachezaji kwa bei za undugu wasishangae wakiitwa kujieleza. La tatu halihitaji maelezo: simu haiingii lindoni. Orodha ya timu yaweza kuandikwa mchana, hata siku mbili kabla ya mechi, na huo ndio uzuri wake.

Msimu wa kwanza ulipokwisha, koplo na dada wote wawili walikuwa katika nusu ya chini ya ligi zao. Tofauti ilikuwa katika vitabu vya hesabu. Dada alikuwa na akiba, na vijana watatu ambao bei yao sokoni ilikuwa imepanda mara kadhaa. Lakini naye ana mtihani mbele yake, maana mishahara hupangwa upya kila msimu mpya unapoanza, na vijana waliopanda ujuzi sasa watadai zaidi. Tulipozungumza naye alikuwa akipiga hesabu ya kumuuza mmoja ili aweze kuwalipa wawili, na bado hajaamua ni yupi.

Koplo amekwisha kumwandikia kutoka Gitega kuomba mechi nyingine ya kirafiki. Safari hii katika orodha yake wamo vijana watatu wa miaka 18, wote wafupi, nao mazoezi yao ni kupasi.