Rangi si za uongo: Istilahi za sayansi tuzipe majina ya kazi zake

Muhula wa kwanza nilialikwa kwenye siku ya wazazi katika shule moja ya upili huko Butula, Kaunti ya Busia. Mwalimu wa fizikia wa shule hiyo, ambaye ni mpwa wangu, amewaanzishia wanafunzi chama cha falaki. Ukutani walikuwa wamebandika picha waliyoipiga wenyewe ya Nebula ya Orion, wingu kubwa la gesi na vumbi lililo umbali wa takriban miaka 1,300 ya nuru kutoka hapa tulipo. Ilikuwa picha ya kupendeza, katikati samawati, kingoni rangi ya dhahabu.

Mzee mmoja aliisogelea, akaitazama kwa makini, kisha akauliza: "Mwalimu ametuambia kamera yenu haioni rangi. Sasa hizi rangi mmezitoa wapi?"

Msichana wa kidato cha tatu akajibu kwa adabu: "Babu, hizo ni rangi za uongo."

Watu waliangua kicheko. Mzee akatikisa kichwa, akasema, "Kumbe mnasomeshwa uongo," akaenda zake. Binti wa watu akabaki akitazama viatu vyake.

Msichana yule hakukosea. Alisema kilichoandikwa katika daftari lake. Mpwa wangu alijifunza kazi hii kwa Kiingereza, kisha akawatafsiria wanafunzi wake istilahi neno kwa neno. Jioni hiyo tuliketi naye, tukayapitia madaftari ya chama ukurasa baada ya ukurasa. Tuligundua kwamba maneno matatu yaliyotafsiriwa vibaya yalikuwa yamezaa makosa matatu, na hakuna hata moja lililotokana na uzembe wa wanafunzi. Ndiyo hoja yangu ya leo.

Kwanza, tuielewe kamera yenyewe. Kamera ya simu yako huona rangi kwa sababu vihisi vyake vya mwanga vimefunikwa kwa machujio madogo mno. Katika kila vihisi vinne, kwa kawaida viwili hupokea kijani, kimoja chekundu na kimoja samawati. Kila kihisi hutupa mwanga usio wa rangi yake, halafu kompyuta hukadiria kilichokosekana. Kwa picha ya harusi, hilo si neno. Kwa wingu hafifu la angani, kila chembe ya mwanga ni mali.

Kamera ya rangi moja haina machujio hayo juu ya vihisi vyake. Mpigapicha ndiye anayeweka chujio moja mbele ya kamera nzima, anapiga picha kadhaa, analiondoa, anaweka jingine, anaendelea. Neno chujio halimtatizi mtu, kwani kila nyumba inayopika chai inalo. La chai hupitisha chai na kuzuia majani. Hili hupitisha mwanga wa aina moja na kuzuia mwingine. Mwishowe unabaki na mafungu matatu ya picha, yote ya kijivu. Wasomaji wengi watashangaa kujua kwamba hata kamera za darubini za Hubble na James Webb hufanya kazi vivyo hivyo. Zile picha zao za kuvutia zilianza zikiwa za kijivu.

Kazi kubwa basi huanza baada ya kupiga picha, mezani, mbele ya kompyuta. Na hapo ndipo lilipojitokeza kosa la kwanza.

Kamera hujichafulia picha yenyewe. Joto la vihisi huzaa vidoa vya mwanga ambao haukutoka angani. Ili kuviondoa, unapiga picha nyingine huku mdomo wa darubini umefunikwa kabisa, kwa muda uleule na katika kiwango kilekile cha joto. Picha hizo hurekodi uchafu wa kamera peke yake, nawe unautoa katika picha za nyota, kama muuzaji anavyotoa uzito wa debe ili abaki na uzito wa mahindi.

Kiingereza huziita picha hizo kwa neno lenye maana ya giza. Mpwa wangu akaandika "picha za giza". Mwanafunzi aliyetumwa kuzipiga akafanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye Kiswahili chake angelifanya. Alisubiri usiku uingie, akaielekeza darubini penye giza angani, akapiga picha 20. Penye giza pale palikuwa na nyota. Picha hizo zilipotolewa katika picha za Orion, nebula yao ikatobolewa vishimo vyeusi kama shati lililoliwa na mende.

Wanaisimu wanalifahamu tatizo hili. Kihusishi -a cha uhusiano kina tabia ya kubeba maana nyingi kwa wakati mmoja. "Picha za giza" yaweza kuwa picha zinazoonyesha giza, picha zilizopigwa gizani, au picha ambazo zenyewe ni nyeusi. Kati ya maana hizo tatu, hakuna inayomwambia mwanafunzi afunike darubini.

Lakini Kiswahili chenyewe kina tiba. Tazama tunavyosema nyama ya kuchoma, mahindi ya kuchemsha, maji ya kunywa. Baada ya -a tunaweka kitenzi, na kitenzi hicho hutaja kazi, ama iliyofanywa au itakayofanywa. Hakuna anayeuliza nyama ya kuchoma imefanywa nini. Basi kwa nini tusiseme "picha za kufunika"? Ukilisikia jina, tayari umepewa maagizo.

Vivyo hivyo kwa picha ambazo jina lake la Kiingereza lina maana ya bapa. Mpwa wangu aliandika "picha bapa", na chama kizima kikaruka hatua hiyo kwa kuwa hakuna aliyejua bapa ya nini. Hizi ni picha za kitu cheupe chenye mwanga ulioenea sawasawa. Wengi hufunga fulana nyeupe safi kwenye mdomo wa darubini na kuielekeza angani alfajiri, nyota zinapofifia. Picha hiyo huonyesha pembe zilizokosa mwanga na kila punje ya vumbi iliyotua juu ya chujio. Ukigawanya picha ya nyota kwa picha hiyo, kasoro zinasawazika. Kwa mtu anayeishi kando ya barabara ya murram wakati wa kiangazi, hatua hii si ya kurukwa! Tukaziita "picha za kusawazisha".

Baada ya usafi huo, huja kurundika. Programu hulinganisha nyota za picha zote hadi zikae mahali pamoja, kisha hutafuta wastani. Kwa nini tusitosheke na picha moja? Fikiria baraza la chifu. Shahidi mmoja anaweza kukosea hapa na pale. Waite mashahidi 16 wasiojuana, na kila mmoja atakosea kwa namna yake, ila tukio lenyewe litajirudia katika kila ushahidi. Ndivyo ilivyo kwa picha. Nebula iko mahali palepale katika kila picha, lakini chengachenga hubadilika. Hesabu yake ni kipeuo cha pili: picha 16 hupunguza chengachenga mara 4, picha 64 mara 8, picha 100 mara 10. Ndiyo maana wenye kazi hii hukesha usiku kucha na hata kurudi kesho yake.

Wanafunzi wa Butula walirundika picha zao vizuri, wakafungua matokeo, wakakuta weusi mtupu na vijinyota vichache. Walidhani wameharibu kila kitu. Kumbe hiyo ni hali ya kawaida. Faili yenye biti 16 ina ngazi 65,536 za mwanga, na nebula hafifu hukaa ngazi za chini kabisa, ambako jicho la binadamu halitofautishi kitu mbele ya kioo cha kompyuta. Kinachotakiwa ni kuzipandisha ngazi hizo za chini bila kuziunguza nyota zilizo juu, na bila kuzikata zile za chini kabisa.

Kiingereza huiita hatua hii kwa neno la kuvuta au kunyoosha. Daftari likasema "nyoosha picha". Basi vijana wakaishika picha kwenye kona yake, kama tunavyofanya kwenye simu, wakaivuta. Nyota zikawa mayai. Hilo ndilo kosa la pili, na hata leo nikilikumbuka nacheka, ingawa najua si la kuchekwa. Tulikubaliana kuiita hatua hiyo "kuinua mwanga hafifu". Jina ni refu kidogo, lakini halimpotezi mtu.

Sasa nirudi kwa mzee wetu na swali lake, ambalo kwa kweli lilikuwa swali bora kuliko yote yaliyoulizwa siku ile.

Wanafunzi walitumia machujio matatu. Moja hupitisha mwanga wa hidrojeni, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656. La pili ni la oksijeni, nanomita 501. La tatu ni la salfa, nanomita 672. Machujio ya namna hii husaidia hata penye taa nyingi, kwa mfano kule mpakani Malaba na Busia, kwa sababu huzuia sehemu kubwa ya mwanga wa taa. Lakini yana fumbo lake. Mwanga wa hidrojeni ni mwekundu, na wa salfa nao ni mwekundu. Ukizipaka zote mbili wekundu wake wa asili, jicho halitajua ipi ni ipi.

Kwa hiyo wanaastronomia hupanga. Katika picha mashuhuri ya Nguzo za Uumbaji iliyopigwa na Hubble mwaka 1995, salfa ilipewa nyekundu, hidrojeni ikapewa kijani, oksijeni ikapewa samawati. Mpango huo huo ndio uliotumiwa Butula. Penye samawati, oksijeni imetawala. Penye dhahabu, hidrojeni na salfa zimekutana. Mwanga wenyewe ulitoka Orion kweli, na tofauti zinazoonekana zipo kweli. Kilichoamuliwa na binadamu ni rangi ipi iwakilishe gesi ipi.

Je, huo ni uongo? Fungua atlasi ya shule. Nyanda za chini zimepakwa kijani, milima imepakwa hudhurungi. Mlima Elgon si wa hudhurungi, na hatujawahi kusikia mzazi akilalamika kwamba atlasi inawadanganya watoto. Sababu ni kwamba pembeni mwa ramani pana ufunguo. Picha ya Butula haikuwa na ufunguo. Ilikuwa na neno "uongo" peke yake, neno ambalo kwa Kiswahili halina utani: uongo ni dhambi, na msema uongo hushtakiwa. Hilo ndilo kosa la tatu, na ndilo lililogharimu zaidi, kwa kuwa lilimfanya mtoto aivunjie heshima kazi yake mwenyewe mbele ya wakubwa wake.

Mpwa wangu alipendekeza "rangi za kupanga". Nikamwambia, "Hizo si zitalipiwa kodi kila mwezi?" Naye akacheka, "Mjomba, wewe huachi mambo yako!" Tukaafikiana juu ya "rangi za kupangiwa".

Kuna watakaodai kwamba haya ni mambo ya watu wenye vifaa vya gharama, na kwamba mtoto wa Butula ana shida nyingine. Nawajibu kwamba picha za Hubble na Webb, za kijivu vilevile kama zilivyotoka chujio kwa chujio, zimehifadhiwa kwenye hazina ya mtandaoni iliyoko Baltimore, Marekani, na nyingi zake hupakuliwa bure. Programu kama Siril nayo ni ya bure. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya shule na intaneti ya kubahatisha anaweza kujifunza kuinua mwanga na kupanga rangi bila kumiliki hata lenzi moja. Ujuzi huo wa kutenganisha ishara na chengachenga hutumika pia katika picha za hospitali na za satelaiti zinazochunguza mashamba. Kinachomkwamisha mara nyingi ni maelezo.

Misingi tunayo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Hata hivyo, istilahi za kazi za mikono na kompyuta haziwezi kukamilishwa na watunga kamusi waliojifungia ofisini. Zijaribiwe kwanza na mtu atakayezitumia usiku, akiwa na tochi mdomoni. Akikosea kwa sababu ya jina, tulaumu jina.

Wahenga walilijua hili. Kile kifungu cha nyota kinachoonekana karibu na Orion, Waswahili hukiita Kilimia, jina linalohusishwa na kulima. Hawakukipa jina la umbo lake wala la uzuri wake. Walikiita kwa kazi iliyowangoja mashambani.

Juzi mpwa wangu amenitumia picha ya ukuta ule kwa simu. Nebula iko palepale. Chini yake msichana yule ameandika kwa mkono wake: "Nyekundu ni salfa, kijani ni hidrojeni, samawati ni oksijeni. Rangi hizi ni za kupangiwa. Mwanga ni wa Orion." Nimemwomba mwalimu amwalike tena yule mzee.