Riwaya kuhusu OCD: kijana anaweza kujifunza nini?

OCD ni nini?
Ni ugonjwa wa akili wenye pande mbili. Kwanza ni mawazo ya kutisha yanayorudi bila kukaribishwa: "nimeshika uchafu", "nitamdhuru mtu". Pili ni vitendo ambavyo mtu anajikuta analazimika kuvirudia ili atulie: kunawa, kukagua mlango, kuhesabu, kurudia sala. Utulivu hudumu kidogo, kisha wazo hurudi. Mara nyingi huanza utotoni au ujanani.

Kupenda usafi siyo OCD. Lakini mwanafunzi wa bweni hapa Njombe anayenawa kwa maji ya baridi ya Julai hadi ngozi inapasuka, na kila siku anachelewa darasani, anahitaji msaada. Hastahili viboko wala kuambiwa ana mapepo.

Kwa nini usome riwaya?
*Turtles All the Way Down*, riwaya ya Kiingereza ya mwaka 2017, imeandikwa na John Green, Mmarekani ambaye mwenyewe anaishi na OCD. Mhusika wake Aza, miaka 16, anaogopa bakteria. Hufungua kidonda kidoleni, hukisafisha, hubadili plasta, kisha huanza tena. Anajua hofu yake imezidi, lakini kujua hakumzuii. Ndiyo maana kumwambia mgonjwa "acha tu" hakusaidii.

Soma kwa tahadhari
Kuna sehemu nzito: Aza hufikia kunywa kitakasa mikono. Hiyo ni sumu, usijaribu. Kama kusoma kunakuongezea hofu, weka kitabu pembeni uzungumze na mtu unayemwamini. Ukijiona ndani ya Aza, usijipe jina la ugonjwa mwenyewe, nenda ukapimwe.

Kwa mzazi na rafiki
Kujibu "uko safi" mara kumi kwa siku hulisha ugonjwa. Jaribu kusema: "Naona wasiwasi umekubana. Twende tukaongee na mtaalamu."

Matibabu yapo
Katika tiba ya mazungumzo, mgonjwa hufundishwa kuikabili hofu kidogo kidogo bila kufanya kile kitendo. Dawa kama fluoxetine husaidia pia, ila zinaweza kuchukua hadi wiki 12. Usiziache bila kumwuliza daktari. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, uwe Makambako au Njombe mjini, na uombe rufaa kwa mtaalamu wa afya ya akili. Ukipata mawazo ya kujiua, mwambie mtu sasa hivi na uende hospitali siku hiyo hiyo.