Klachi ya WRX na Bei Isiyoandikwa Kwenye Boksi

Ukiwa gia ya nne na injini iko kwenye mizunguko 2,500 hivi, kanyaga mafuta hadi chini. Mshale wa RPM ukiruka huku wa spidi ukijikokota, klachi inateleza. Wenye Subaru Impreza WRX zilizoongezwa nguvu, zile zinazounguruma Thika Road jijini Nairobi Jumapili asubuhi, wengi hugundulia hapo kwamba nguvu waliyoilipia haifiki kwenye magurudumu.

WRX ya lita 2.0 iliyotoka Japani kuanzia mwaka 2000 ilikuwa na torki ya takribani Nm 330. Pandisha presha ya turbo, weka ekzosi pana, kompyuta ipangwe upya, na Nm 400 si ajabu. Tunapenda kutambiana kwa farasi, lakini klachi haijali farasi. Inachobeba ni torki. Kwa hiyo dukani uliza inashika Nm ngapi, kisha chukua inayozidi torki ya gari lako kwa robo hivi. Majina ya steji 1 na steji 2 yasikubabaishe, maana hayana kipimo kimoja: steji 1 ya kampuni hii huenda ikaishinda steji 2 ya ile.

Seti ya kawaida ya klachi ya Exedy, kampuni ya Kijapani ambayo klachi zake hufungwa kwenye Subaru tangu kiwandani, huuzwa Marekani kwa takribani dola 200 hadi 300. Juu yake weka usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 16. Kama umebadilisha ekzosi tu, inatosha, na asikushawishi mtu upande zaidi.

Ngazi ya pili ndiyo ningeweka pesa zangu: pleti ya laining ya kawaida, ile ya ogeniki, ikibanwa na presha pleti yenye springi kali zaidi. Exedy wanayo, ACT wa California wanayo, na bei hucheza kati ya dola 350 na 550. Inashika vizuri na bado inaondoka taratibu kwenye foleni. Gharama yake ni pedali nzito kidogo, na kila ukiikanyaga, mzigo huongezeka kwenye beringi inayozuia kirenki kusogea mbele na nyuma. Kwenye taa nyekundu weka nyutro, uachie mguu.

Seramiki je? Mara nyingi bei yake imepishana kidogo tu na hiyo, ndiyo maana inavutia. Pleti ina vijipande vichache vya seramiki badala ya laining nzima, na inauma ghafla, haina katikati. Kwenye roundabout yenye kupanda utatetemeka kama uko kwenye posho mill. Na kuna kubwa kuliko hilo. Gari hili linavuta magurudumu yote manne, hivyo ukiondoka kwa fujo matairi hayazunguki ovyo kupunguza kishindo. Kishindo kinarudi ndani. Klachi inayoteleza kidogo hukimeza. Isiyoteleza kabisa hukikabidhi giaboksi, na giaboksi ya gia tano ya WRX inajulikana kwa kung'oka meno. Hapo umeokoa klachi ukanunua giaboksi. Klachi ya pleti mbili inayopita dola 1,000 waachie wanaoshindana.

Klachi zilizotumika, za ex-Japan, za Kirinyaga Road ni rahisi, sikatai. Lakini pleti iliyotumika ipime kwa macho kabla ya kutoa pesa: vichwa vya ribiti vikikaribia kulingana na uso wa laining, imekwisha. Ikiwa na doa la oili, irudishe rafuni.

Sasa kwa fundi. Kufikia klachi lazima giaboksi ishuke au injini itoke, kazi ya siku nzima, na malipo ni yale yale hata kama umefunga pleti ya bei poa itakayokufa baada ya miezi sita. Kwa hiyo gari likiwa wazi, badilisha pamoja beringi ya klachi, beringi ndogo ya katikati ya flaiwili na sili ya nyuma ya kirenki. Pembeni ya sili hiyo, injini nyingi za EJ, aina iliyomo kwenye WRX hizi, zina kifuniko cha plastiki kinachopenda kuvuja. Weka cha chuma. Flaiwili yenye madoa ya bluu ya joto ipelekwe kuskimiwa, na yenye nyufa itupwe. Flaiwili nyepesi ya kujionyesha sikuchagulii. Gari litazimika kwa urahisi kwenye foleni.

Fundi unaweza kumpima kwa swali moja. WRX za gia tano za mwanzoni mwa miaka ya 2000 hutumia klachi ya kuvuta. Kabla ya kutenganisha injini na giaboksi, hufunguliwa plagi iliyo ubavuni mwa giaboksi kwa alenki ya milimita 10, kisha boliti ya milimita 6 hufungwa kwenye shafti ya uma wa klachi ili ichomolewe. Anayetaka kuzitenganisha kwa mtaimbo hajawahi kufanya kazi hii.

Ikishafungwa, ya ogeniki iendeshwe mjini kilomita 800 hivi bila kuifungulia turbo, ili pleti na flaiwili zikae sawa. Foleni ya Mombasa Road itakusaidia kuzimaliza.