Hipnozi: jinsi inavyofanya kazi, na kwa nini inatuhusu sisi tunaoombea watu



Neno hipnozi linaleta hofu katika makanisa yetu. Mtu akimpa mgeni pesa zake zote sokoni, halafu akashindwa kueleza sababu, majirani wanasema amefanyiwa hipnozi. Wengine wanaihesabu pamoja na uchawi. Vijana nao wanaona video katika simu na kuuliza namna ya kujifunza. Tumeona vema kueleza jambo hili wazi, kwa sababu linatugusa hata sisi watumishi, kuliko tunavyofikiri.

Hipnozi ni nini?

Ni hali ambayo mtu anakaza mawazo yake juu ya kitu kimoja, anaacha mengine yote pembeni, na hivyo anapokea kwa urahisi maneno ya yule anayemwongoza. Jina linatoka katika neno la Kigiriki lenye maana ya usingizi. Aliyelieneza ni James Braid, daktari Mskoti wa Manchester, Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1843. Lakini si usingizi. Mtu anasikia, anajua mahali alipo, na kwa kawaida anakumbuka yaliyosemwa. Hali iliyo karibu nayo tunaijua sote: umekaa ndani ya basi, mawazo yamekuchukua, na unashtuka umekwisha kupita mahali pa kushuka.

Nguvu inatoka wapi?

Mwaka 1778 daktari Franz Anton Mesmer alitoka Vienna akafika Paris. Alifundisha kwamba kuna nguvu isiyoonekana, mfano wa sumaku, ambayo mganga anaweza kuielekeza kwa mgonjwa. Wagonjwa wake walitetemeka, walilia, walianguka chini. Mwaka 1784 mfalme Louis XVI aliagiza wataalamu wachunguze, kati yao Lavoisier, bingwa wa kemia, na Benjamin Franklin, aliyekuwa balozi wa Marekani.

Jaribio moja lilifanyika katika bustani ya Franklin. Mfuasi wa Mesmer alitia "nguvu" hiyo katika mti mmoja. Kisha mtoto wa miaka 12, aliyefungwa kitambaa machoni, aliongozwa mti kwa mti. Kwenye mti wa nne akazimia. Lakini mti ule haukuwa umetiwa kitu! Mtoto alianguka kwa sababu alitazamia kuanguka. Padri Faria, mzaliwa wa Goa, alifundisha jambo hilohilo Paris kuanzia mwaka 1813: kazi inafanyika ndani ya akili ya yule anayeongozwa, si katika mkono wa anayeongoza.

Inafanywaje?

Wanaoitumia katika matibabu hufuata hatua ambazo hazina siri.

Kwanza, wanaeleza kazi yote na kuomba ruhusa. Asiyekubali haongozwi. Pili, mtu anakaa vizuri mahali patulivu, anatazama alama moja ukutani au anafuata pumzi yake. Tatu, mwongozaji anasema polepole, kwa sauti moja, akirudia: kope zinakuwa nzito, mabega yanalegea. Nne, analeta pendekezo. Anaweza kusema mkono unakuwa mwepesi kama unyoya, na kweli mkono unaanza kuinuka. Halafu anakuja kwenye haja yenyewe, kwa mfano kwamba maumivu yanasogea mbali. Tano, anamrudisha mtu kwa kuhesabu moja mpaka tano, na kumwacha akae kidogo kabla ya kusimama.

Watu hawafanani. Takriban mmoja kati ya kumi anaingia kwa kina sana, wachache wengine hawasikii kitu, na wengi wako katikati.

Faida yake imepimwa. Katika hospitali ya chuo kikuu cha Liège, Ubelgiji, tangu mwaka 1992 wagonjwa wengi wamepasuliwa, hata tezi ya shingo, wakiwa katika hipnozi pamoja na dawa ya ganzi ya mahali pamoja na dawa kidogo ya kutuliza, bila kulazwa usingizi kabisa. Mwaka 1997 watafiti wa Montreal, Kanada, walipima ubongo wa watu waliotiwa mkono katika maji ya moto sana. Walipoambiwa katika hipnozi kwamba maumivu hayawasumbui, sehemu ya ubongo inayohusika na uchungu wa maumivu ilibadilika kweli. Hawakuwa wakiigiza.

Mipaka na hatari

Hipnozi haimfanyi mtu kuwa mtumwa. Yule wa sokoni, mara nyingi, ameshikwa na ujanja wa zamani: haraka, sifa, tamaa, na wenzake mwizi waliojifanya wateja. Na kama alipewa kitu akanywa au akanusa, akapoteza fahamu, hiyo ni sumu. Apelekwe hospitali upesi, asipelekwe kwanza kwenye maombi ya usiku.

Lakini tusiseme haina hatari. Mtu mwenye ugonjwa wa akili, au aliyebeba vidonda vya vita, anaweza kufunguliwa mambo ambayo mwongozaji hajui kuyafunga. Nyumba ngapi katika mikoa yetu hazina mtu wa namna hiyo? Kwa hiyo vijana wa kwaya wasiifanye mchezo.

Hatari nyingine ni juu ya kumbukumbu. Wengine hudhani hipnozi inafukua ukweli uliozikwa. Sivyo. Inaweza kumpa mtu kumbukumbu ya jambo ambalo halikutokea, na kumfanya alisadiki. Hata hipnozi yenyewe haihitajiki. Mwaka 1995 Elizabeth Loftus na mwenzake, huko Marekani, waliwaeleza watu wazima 24 kwamba walipokuwa wadogo walipotea dukani. Haikuwa kweli. Karibu robo yao walifika kusema wanakumbuka.

Hapa ndipo tunapoguswa

Fikirini mtoto aliyeletwa katika chumba cha maombi kwa sababu baba amekosa kazi au mdogo wake amekufa. Amefungishwa chakula siku mbili. Ni usiku, ngoma zinapigwa, sauti moja inarudia swali moja: "Nani alikupa? Ulikula nyama ya nani?" Mbele yake yuko mtu ambaye wazazi wake wenyewe wanamtii. Mwishowe mtoto anajibu, tena kwa maelezo marefu, na pengine yeye mwenyewe anasadiki. Sisi tunaita maungamo. Yule mtoto wa Paris alianguka penye mti usio na kitu.

Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu kosa hilo. Lakini hata kama sheria isingekuwapo, ushahidi uliopatikana kwa njia hii si ushahidi.

Hatusemi kwamba kila anayeguswa katika ibada amedanganywa. Roho wa Mungu anafanya kazi. Ila Paulo anatuagiza kupima mambo yote (1 Wathesalonike 5:21), na hatuwezi kupima tukikataa kujua namna akili ya mwanadamu inavyoitika.

Basi tunawaomba watumishi wenzetu mambo manne. Msimwombee mtu kwa nguvu bila idhini yake. Bwana Yesu alimwuliza Bartimayo kwanza anataka nini (Marko 10:51). Msimsukume mtu aanguke, wala msihesabu walioanguka. Msiulize maswali yenye jibu ndani yake, hasa kwa mtoto, mwenye njaa au mwenye hofu. Na mtoto akiletwa kwenu kwa neno la uchawi, mpeni chakula, mpeni mahali pa kulala, mwiteni muuguzi, kisha kaeni na wazazi mkasikilize shida iliyo nyumbani.

Watu wanafumba macho mbele yetu kwa sababu wanatuamini. Imani hiyo ni amana, nasi tutatoa hesabu yake.

Bwana awape hekima katika makanisa yenu.