Mafuta Yapitayo Chini ya Ardhi

Mvuvi wa Zinga, karibu na Bagamoyo, akitaka mafuta ya mashine ya mashua yake, hayatafuti mbali. Meli huyaleta mpaka bandari ya Dar es Salaam, na kutoka huko mpaka Zinga si safari kubwa. Lakini nchi isiyo na pwani hufanyaje? Habari ya Zambia yaonyesha.

Zamani mafuta ya Zambia yalipita Rhodesia ya Kusini. Tarehe 11 Novemba 1965 Wazungu wachache waliotawala Rhodesia walijitangazia uhuru, maana hawakutaka Waafrika walio wengi watawale. Mwezi wa Desemba Uingereza ikazuia mafuta yasiingie Rhodesia. Na watawala wale nao wakaifungia Zambia njia. Machimbo ya shaba, ambayo ndiyo yaliyoilisha nchi, yakawa hatarini, na Serikali ya Rais Kaunda ikaanza kuwapimia petroli wenye magari.

Basi mashauri yalikuwa matatu. La kwanza, ndege. Ndege za Uingereza, Marekani na Kanada zilibeba mafuta katika mapipa, nayo yakafika upesi. Lakini ndege yenyewe ina kiu, hunywa mengi ili ilete machache.

La pili, malori kutoka Dar es Salaam. Njia ilikuwa ya udongo mahali pengi. Wakati wa kiangazi vumbi lilimziba dereva macho, na mvua zilipokuja magurudumu yalizama katika tope. Malori mengi yalipinduka na madereva wakafa, hata watu wakaiita Njia ya Jahanamu. Hata hivyo madereva hawakuacha kwenda, wala Zambia haikusimama.

La tatu lilitaka fedha nyingi na subira, nalo ni bomba la chuma. Zambia na Tanzania zikapatana, sehemu mbili katika tatu ziwe za Zambia, na moja ya Tanzania. Waitalia wakalilaza chini ya ardhi kutoka Dar es Salaam, kupita Morogoro, Iringa na Mbeya, hata Ndola, yapata kilometa 1,700. Mafuta hayapandi mlima yenyewe. Kwa hiyo pampu kubwa ziliwekwa njiani kuyasukuma. Mwaka 1968 kazi ikaisha, na masika hayakuyazuia mafuta tena.

Kwa miaka mingi bomba hilo lilipeleka mafuta ghafi, yakasafishwa Ndola. Tangu 2023 lapeleka dizeli iliyokwisha safishwa.