Vitamini si za Kila Mtu: Funzo Kutoka Pemba

Mwezi Agosti 2003, kisiwani Pemba, utafiti wa kuwagawia watoto wadogo madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki ulisitishwa ghafla. Zaidi ya watoto 24,000, wa umri wa mwezi 1 hadi miezi 35, walikuwa wameandikishwa, kwa matumaini kwamba vidonge vya kuongeza damu vingewapunguzia maradhi na vifo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalikuwa kinyume: katika kisiwa ambacho wakati ule kilijaa malaria, hatari ya kulazwa au kufariki ilizidi kwa asilimia 12 kwa waliopewa chuma, kuliko kwa waliopewa kidonge kitupu.

Ipo sehemu ya pili ya habari hiyo, nayo haisimuliwi sana. Baadhi ya watoto walipimwa damu mwanzoni, kisha wakafuatiliwa kwa karibu na kutibiwa malaria mapema. Miongoni mwao, waliokuwa na upungufu wa chuma walinufaika na kidonge kile kile. Aliyepungukiwa alipata afueni; asiyepungukiwa aliongezewa kitu ambacho vimelea vya maradhi navyo hukihitaji ili vistawi.

Naileta habari hii kwa wasomaji wa huku kwetu Busawe kwa kuwa Mara nayo ni nchi ya malaria, na chupa za vitamini, nyingi zikiwa na chuma ndani yake, hununuliwa mnadani kama mtu anunuavyo sukari. Mzazi amwonaye mwanawe amepauka ampeleke kwanza zahanati akapimwe damu na malaria. Asianzie dukani.

Basi ni nani anayezihitaji? Wa kwanza ni mama mjamzito, ambaye hupewa kliniki vidonge vya chuma na asidi ya foliki. Asidi hiyo humkinga mtoto na mgongo wazi, lakini uti wa mgongo wa mimba hufunga ndani ya siku 28 za mwanzo, wakati ambapo wanawake wengi hawajajua kuwa wamebeba mimba. Kwa hiyo anayetarajia kushika mimba aianze mapema, na mume asiseme hayo ni mambo ya wanawake. Kanuni za serikali za mwaka 2011 ziliagiza unga wa viwandani utiwe asidi ya foliki na chuma. Sisi hula ugali wa mtama, muhogo na mahindi yaliyosagwa mashine ya kijijini, ambako kwa kawaida hakuna kinachoongezwa. Mwanamke wa kijijini ana haja ya kidonge hicho kuliko mwenzake wa mjini.

Wa pili ni mtoto wa miezi 6 hadi 59, ambaye hupewa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka. Utafiti wa Aceh, Indonesia, uliochapishwa mwaka 1986, ulikuta vifo vya watoto waliopewa vitamini hiyo vimepungua kwa asilimia 34. Matone hayo yatosha. Vitamini A hujilimbikiza kwenye ini, na ikizidi kwa mjamzito yaweza kumdhuru aliye tumboni.

Jamaa zetu walioko London na miji mingine isiyo na jua la kutosha, hasa dada zetu wanaojisitiri mwili mzima, hushauriwa na madaktari wa huko kutumia vitamini D. Huku jua tunalo.

Ama mwanamume mzima anayekula ugali, dagaa, maharage na mboga za majani, chupa ile ya "nguvu" mara nyingi humwachia mkojo wa njano tu. Uchovu usiokwisha waweza kuwa kisukari au kifua kikuu, na kila wiki anayoipoteza kwa vidonge vya mnadani ni wiki ya kuchelewa matibabu.

Kwa wanaouliza kuhusu Ramadhani, kumeza kidonge mchana huvunja saumu, lakini kidonge cha mara moja kwa siku humezwa baada ya futari bila taabu. Cha chuma kimezwe kwa maji, si kwa chai, kwani chai huzuia chuma kuingia mwilini. Choo kikiwa cheusi, mama asishtuke akavitupa vidonge vyake. Ni rangi ya chuma.